Tambuu Isiyo na Chokaa

Nyumba yetu hapa Bagamoyo haikaliki mwaka wa uchaguzi wa rais. Wajomba hawali sahani moja, picha ya mgombea inabandikwa mpaka mlango wa choo, na safari iliyopita shemeji yangu alimnyima salamu fundi wa bomba kwa sababu ya rangi ya kofia yake, tukakaa siku tatu bila maji. Wakinichosha sana huwaambia wakae chini niwasimulie habari za Mardhiya, wajue kwamba ugonjwa huu hawakuuanza wao.

Mardhiya si bibi yangu. Bibi yangu aliitwa Mina, na mama yake Mina aliitwa Mgeni, na Mgeni alikuwa mtumwa katika nyumba ya Mardhiya. Haya ninayoyaeleza yalitoka kinywani mwa Mgeni, yakapita kwa Mina, yakanifikia mimi. Kwa hiyo msitarajie nimsifu Mardhiya kupita kiasi. Wala sitamtukana, maana bila siku moja ya maisha yake mimi nisingezaliwa.

Mji wao ulikuwa Mwambakuni, mwendo wa asubuhi moja kaskazini ya Bagamoyo, na mwaka wenyewe ni 1887, pwani ikiwa bado ya Sultani. Mardhiya aliletwa pale kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano, akitokea Miono kwa wakulima wenzake, hana cheo wala dhahabu masikioni. Alichokuja nacho ni vidole. Hakuna mwanamke upande ule aliyekunja tambuu kama yeye. Jani analifuta, analipaka chokaa kwa ncha ya kidole, anatia popoo iliyokatwa nyembamba na tumbaku kidogo, anakunja mara nne, anafunga kwa karafuu moja. Harusini aliitwa yeye, matangani yeye, maulidini yeye. Kidole chake cha shahada kilikuwa cheupe siku zote na ngozi yake imebabuka, kwa sababu chokaa haina huruma.

Mumewe alikuwa Dadi, mwenye shamba la minazi, mtu mpole mpaka pale lilipotajwa jina la kaka yake. Huyo kaka aliitwa Mwishehe, na Mwishehe alikuwa anautaka ujumbe wa mji. Siku zile kila mji wa pwani ulikuwa na jumbe wake, mkubwa wa kuamua magomvi na kupokea wageni, na wa Mwambakuni alikuwa amekufa wakati wa masika bila mtoto wa kiume. Waliokitaka kilemba chake walikuwa wawili: Mwishehe, na bwana mmoja wa mtaa wa juu aliyeitwa Husseni. Waamuzi walikuwa wazee saba. Watatu walikwisha sema Mwishehe, watatu wakasema Husseni. Wa saba, Mwinyi Hija, alikaa kimya siku arobaini, anapokea zawadi za pande zote mbili na kuuliza hali za watoto.

Siku arobaini hizo nyumba ya Dadi ilikuwa na wazimu, sina neno jingine. Dadi alichinja dume lake la pekee la ng'ombe kuwalisha watu wa mitaani. Mardhiya aliacha kusalimiana kisimani na wanawake wa upande wa Husseni, pamoja na mmoja aliyemzalisha watoto wawili. Hata kuku wa kwa Husseni akipotea njia alifukuzwa kwa jina la bwana wake. Na aliyezidi wote ni Mgeni. Sauti alikuwa nayo yeye, nyimbo alitunga yeye, na kila alasiri ndiye aliyewaongoza wanawake barabarani wakimwimba Mwishehe, mpaka wapinzani wenyewe wakawa wanauimba wimbo wake bila kujijua. Mwishehe alikuwa amemwahidi leso mpya. Naona aibu kusema kwamba mzaa bibi yangu alikuwa mpiga kampeni wa leso, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wajomba zangu leo wanafanya kwa fulana.

Sasa niseme jambo ambalo Mgeni siku zile hakulijua.

Miaka mitatu nyuma mama yao Mwishehe na Dadi alikuwa amelala kitandani miezi mitano akifa. Aliyemgeuza, akamwosha na kumlisha uji kwa kijiko ni Mgeni. Asubuhi moja Mgeni alitoka kwenda kuchemsha maji, na yule mama akafumbua macho, akasema kwa sauti iliyo wazi: "Mgeni ni huru, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mshuhudie." Chumbani walikuwamo watu wawili, Mwishehe na Mardhiya. Kesho yake mama akafa. Mwishehe alisema wataliangalia neno lile baada ya hitima. Hitima ikasomwa, watu wakala, neno halikuangaliwa.

Na Mardhiya akanyamaza. Alikuwa na watoto wanne wadogo na mtama wa kutwanga kila siku, na anayeamka wa kwanza kuwasha moto alikuwa Mgeni. Ni hilo tu. Nimemtafutia udhuru miaka mingi, maana sipendi kumchukia mtu aliyekufa, na sijauona.

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja Mwinyi Hija aliwaambia wazee wenzake kwamba neno lake ni Mwishehe. Mji ulilipuka. Kilichobaki ni ada ya alasiri, nayo niieleze vizuri, kwa sababu kila kitu kimekaa juu yake. Pale Mwambakuni mtu hakuvikwa kilemba kwa neno la wazee peke yake. Alikalishwa barazani mbele ya mji mzima, ikatandikwa bafta, kitambaa cheupe cha pamba, miguuni pake, akaletewa tambuu iliyokunjwa na mwanamke wa nyumba yake mwenyewe, akaitafuna, akatema juu ya bafta. Yakitoka mate mekundu, maana yake nyumba yake imemkubali, na mji nao unamkubali. Kila mtu alijua kwamba wekundu unaletwa na chokaa. Ndiyo maana ya ada yenyewe: wazee wanaweza kununuliwa kwa zawadi, lakini mwanamke anayekupikia anakujua ulivyo, naye ndiye mwenye chokaa. Hakuna aliyekumbuka mate yaliyowahi kutoka meupe. Mke wa Mwishehe alikwisha kufa, chakula alikula kwa Dadi, na mkunjaji wa nyumba alikuwa shemeji yake, Mardhiya.

Kabla ya adhuhuri Mardhiya alichukua sahani ya tambuu akaenda kwa Mwinyi Hija kutoa shukrani. Alipokewa na mke wa mzee, Bi Mwanaasha, mwanamke mnene mwenye moyo mweupe, asiyejua kuficha jambo.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu, tumeshakuwa ndugu sasa. Hebu niambie, huyo Mgeni mgongo wake mzima? Binti yangu kule Pemba anataka mtu wa kuchuma karafuu, hataki mtu wa kuimba."

Mardhiya hakuelewa. "Mgeni yupi, bibi?"

"Mgeni wenu! Kwani hukuambiwa? Shemeji yako ametupa huyo, kwa ajili ya neno la mzee. Chombo kinaondoka keshokutwa." Akaifunua sahani, akachagua tambuu moja nono. "Mashaallah, mikono hii."

Mardhiya aliaga, akatoka. Njiani wanawake walimpigia vigelegele naye akawaitikia, hajui anaitikia nini. Pemba alikuwa anaifahamu kwa habari. Waliovushwa kwenda mashambani kule hawakurudi, na Mgeni alikuwa amemlelea watoto wake wote wanne.

Alimkuta Dadi uani, anaupaka upanga wa kaka yake mafuta ya nazi kwa ajili ya alasiri.

"Bwana, ni kweli Mgeni ametolewa kwa Mwinyi Hija?"

Dadi hakuinua kichwa. "Neno la saba halikuja bure, Mardhiya. Tutapata mwingine. Kaka akikaa kwenye kiti tutapata kila kitu."

"Mama alimwacha huru."

Hapo Dadi akauweka upanga chini. "Mama yangu? Lini?"

"Siku moja kabla hajafa. Nilikuwapo. Kaka yako alikuwapo."

Dadi alijifuta mafuta mikononi. Yeye hakuwa akijua, na hilo namhesabia. Lakini alichosema baadaye simsamehe. Alisema, "Miaka mitatu umekula ugali uliosongwa na mtu huru, hukusema neno. Leo mji uko mlangoni ndiyo umekumbuka? Ulinyamaza kwa ajili ya kinu chako. Basi nyamaza na kwa ajili ya ndugu yangu." Akauokota upanga, akaendelea kupaka.

Kila neno lilikuwa kweli.

Mardhiya alikwenda akakaa jikoni. Mgeni alimwambia Mina kwamba siku hiyo alimwona bibi yake ameshika kijaluba cha chokaa mikononi kama mtu aliyeokota kitu asichokijua ni cha nani. Mawazo yake aliyaeleza mwenyewe baadaye kule Miono, alipokuwa hana la kupoteza, na watu wakayafikisha kwa Mgeni. Akienda kwa wazee kusema habari ya uhuru, Mwishehe atakana, na yeye mwenyewe atafedheheka kwa miaka mitatu ya ukimya. Lakini chokaa ikikosekana, Mwishehe hatavikwa kilemba. Asipovikwa, Hija hana cha kudai, maana alipewa mtu kwa ajili ya kilemba. Naye Mardhiya atasema amesahau, kwa furaha na pilikapilika. Watamcheka mwaka mzima, watamwita mkunjaji asiye na akili. Mgeni atabaki jikoni. Na lile neno la marehemu halitatajwa na mtu yeyote.

Ndivyo alivyopanga: amwokoe Mgeni, asimpoteze mtwangaji.

Ilipoadhiniwa alasiri chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa. Dada wawili wa Mwishehe walikaa bega kwa bega na Mardhiya, udi unafukizwa, kila mtu anasema kwa wakati mmoja. Mardhiya alifuta jani. Alikichovya kidole kwenye kijaluba bila kugusa chini, akakipitisha juu ya jani kama anayepaka. Akatia popoo. Akatia tumbaku. Akakunja mara nne, akachoma karafuu. 

Mbebaji wa sahani alikuwa Mgeni, kwa heshima ya nyimbo zake. Alipiga magoti kuipokea, akaitazama ile tambuu. Miaka kumi alikuwa amekaa karibu na vidole vile. Akatazama kidole cha shahada cha bibi yake, akaona ni kikavu.

"Bibi," alisema, na hakusema polepole, "chokaa umesahau."

Dada mkubwa wa Mwishehe akageuka. "Kasahau nini?"

"Nimetia," alisema Mardhiya.

"Kidole chako kikavu, bibi. Nipe nikupakie upesi, wanangoja." Mgeni alikuwa na haraka ya ushindi. Alinyoosha mkono akakishika kijaluba, na Mardhiya naye akakishika, wakawa wanakivutana mbele ya watu, mmoja anataka kumpa Mwishehe mji, mwingine hawezi kusema kwa nini anazuia.

"Mgeni," alisema Mardhiya. "Nitazame. Nimetia. Ichukue uende."

Mgeni akamtazama. Alisema mpaka uzeeni mwake kwamba hakuelewa lolote, ila aliona jinsi bibi yake anavyokishikilia kile kijaluba, akaamini kwamba kuna jambo. Akakiachia kijaluba, akasimama na sahani yake.

Barazani mji wote ulikuwa umekaa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya ukuta wa makuti, na Husseni na watu wake pembeni na nyuso zao za kununa. Mwalimu Mwinyimvua, mkubwa wa wale wazee saba, alikuwa na msahafu mapajani kwa ajili ya kiapo cha jumbe. Mwishehe alikaa juu ya kiti amevaa joho. Aliichukua tambuu kwenye sahani, akaiinua watu waione, akaitia kinywani.

Alitafuna mara tatu, akasita. Mtafunaji wa zamani hahitaji kuambiwa kwamba chokaa haimo, ulimi unajua. Lakini afanye nini? Hawezi kuitoa. Akaendelea kutafuna, jasho linamtoka chini ya kofia, anatafuna na kutafuna kana kwamba wekundu utakuja kwa nguvu ya meno. Watu walianza kunong'ona. Mwisho akainama akatema.

Yalitoka maji yaliyopauka, rangi ya maji ya kuoshea mchicha.

 Halafu upande wa Husseni mtu mmoja akacheka, na baraza zima likasimama. Mwishehe alifuta midomo, akatafuta pa kutupia aibu yake, na macho yake yakamwangukia aliyekuwa karibu.

"Ni huyu kijakazi!" alisema. "Kaifungua njiani, kaitoa chokaa. Kapewa na watu wa Husseni. Mfungeni!"

Watu wawili walimkamata Mgeni mikono. Mmoja wao alikuwa Dadi. Mtu wa tatu akaenda kuleta bakora na kamba. Mgeni hakulia. Aligeuka akatazama upande wa wanawake, na hakulitaja jina la mtu.

Hili Mardhiya hakuwa amelipanga. Mpango wake ulikuwa wa kuchekwa tu. Angeweza bado kusema "nimesahau," lakini chumba kizima kilikuwa kimemsikia akisema ametia, mara mbili. Alikaa pale, Mina aliniambia, kadiri ya mtu kusoma Alhamdu. Kisha akaupita ukuta wa makuti, akatoka mbele ya wanaume kichwa wazi, mtandio umeachwa nyuma, na akasimama juu ya ile bafta.

"Mwacheni. Chokaa sikuitia mimi, na sikusahau. Mimi ni mwanamke wa nyumba ile, na nyumba haimtaki."

Mwishehe alisema, "Huyu ana wazimu."

"Mwishehe amemtoa Mgeni kwa Mwinyi Hija apelekwe Pemba, kwa ajili ya neno la saba. Na Mgeni si wa kutolewa. Mama yenu alimwacha huru. Tulikuwapo wawili tulioambiwa tushuhudie, mimi na yeye. Mwalimu, umeshika msahafu. Mpe aapie kwamba hakusikia."

Mwinyi Hija alianza kusema kwamba yeye hakuomba kitu, kapewa tu, na hakuna aliyemsikiliza. Husseni alikuwa amekwisha ruka mbele anapiga kelele: aape, aape! Msidhani ni kwa ajili ya Mgeni. Husseni mwenyewe alikuwa na watumwa kumi na wawili na hakuna aliyemwona akiwahurumia. Lakini mji wote ulishika neno lile, aape, hata wa upande wa Mwishehe, na Mwalimu Mwinyimvua akamnyooshea msahafu.

Mwishehe alikuwa mwongo, ila hakuwa kafiri. Mkono wake ulitoka ndani ya joho, ukafika nusu ya njia. Pale ukasimama. Watu walikuwa wanaangalia ule mkono tu. Kisha ukarudi ndani.

Mwalimu aliomba wino. Aliandika karatasi ya uhuru wa Mgeni palepale, juu ya goti lake, mashahidi mji mzima. Dadi alikuwa amekwisha kuuachia mkono wa Mgeni, sijui saa ngapi.

Mardhiya alikwenda kumchukua Mgeni. Nafikiri alitarajia kushukuriwa. Kila mtu angetarajia. Mgeni alikuwa bado ameshika sahani mkono mmoja.

"Bibi, marehemu alisema lini?"

"Siku moja kabla hajafa."

"Ni miaka mitatu."

"Mitatu."

"Kwa hiyo asubuhi zote ulizoniita niwashe moto, ulikuwa unajua?"

Mardhiya angeweza kusema mengi. Alikuwa amesimama mbele ya mji, ametoka kuvunja nyumba yake kwa ajili ya huyu mtu. Alisema, "Nilikuwa najua."

Mgeni aliiweka sahani chini, taratibu, isigonge. Akachukua karatasi yake kwa Mwalimu, na hakupita nyumbani hata kuchukua mkeka wake. Jua lilipokuwa linazama alikuwa amekwisha vuka mto, anakuja Bagamoyo.

Kilemba alivikwa Husseni, naye hakukaa nacho miaka miwili, vita vya Wajerumani vilipokuja vikamwondoa. Dadi alimpa Mardhiya talaka wiki ileile, na watoto wakabaki kwa baba yao kama ilivyokuwa desturi. Mardhiya alirudi Miono kwa ndugu zake, akaishi kwa kulima na kukunja tambuu za harusi za watu, miaka zaidi ya ishirini. Hakuolewa tena.

Mgeni aliolewa hapa Bagamoyo na mchukuzi wa misafara, akamzaa Mina. Na kila mwaka baada ya mfungo alikuja mtu kutoka Miono na kifurushi cha jani la mgomba, ndani yake tambuu saba zilizokunjwa mara nne. Mgeni alikuwa akiifungua moja kwa ukucha na kutazama. "Imo," alimwambia binti yake. Kisha alizigawa zote kwa majirani. Hakutafuna hata moja, na salamu hakurudisha.

Mwaka ambao kifurushi hakikuja alingoja mpaka mwezi wa pili. Halafu akaenda dukani kwa Sadrudin, akanunua jani, popoo na chokaa, akarudi akakaa kizingitini, akakunja mwenyewe, vibaya, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa. Akatafuna mpaka ikaisha. Akatema mchangani, akayatazama yale mate mekundu muda mrefu, kisha akaingia ndani kuwasha moto wake.